Kigoda cha Milanzi na Soko la Dunia

Shuleni tulikaririshwa Mkutano wa Berlin kama wimbo. Ulianza Novemba 1884, ukaisha Februari 1885, mwenyekiti Bismarck, wajumbe wa mataifa 14, Mwafrika hata mmoja hakualikwa. Wakaigawana Afrika kama nyama ya mnadani. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapewa vema, unahamia swali linalofuata.

Jambo ambalo mimi sikulisikia darasani ni hili: sura ya kwanza kabisa ya mkataba ule haizungumzii mipaka. Inazungumzia biashara. Inatangaza kwamba bonde lote la mto Kongo, pamoja na Ziwa Tanganyika na mito inayomiminika humo kutoka mashariki, na tena nchi yote kuanzia hapo mpaka Bahari ya Hindi, litakuwa eneo la biashara huria kwa mataifa yote. Bidhaa ziingie bila ushuru wa forodha. Asiwepo wa kujitwalia biashara peke yake. Meli za bendera zote zipite.

Sasa hebu chukua ramani. Kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa utaona uwanda wa juu, nyasi tupu, miti ya kuhesabu, baridi ya kukata masikio asubuhi za mwezi Juni. Hapo ndipo Ufipa, ndipo kwetu. Kwa maneno mengine, sisi watu wa Sumbawanga tuliingizwa kwenye eneo huru la biashara yapata miaka 140 iliyopita, na waliotuingiza walikuwa hawajui hata jina letu.

Nasema haya kwa sababu neno hilo limerudi. Redioni utasikia eneo huru la biashara la Afrika nzima. Magazetini utasoma maeneo maalumu ya uwekezaji, viwanda vya kuuza nje, misamaha ya kodi. Kijiweni vijana tunaulizana: na huku kwetu lini? Swali zuri. Lakini kabla ya kuuliza lini, naona tuulize kwanza yale ya zamani yalituacha wapi. Maana ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

KIGODA

Wazee wa Ufipa wana hadithi moja ambayo kila mtoto wa kwetu amewahi kuisikia kwa namna moja au nyingine. Mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni, akaweka makao yake Milanzi. Watu wake walikuwa mafundi wa chuma. Baadaye sana, katika uzao wake, mtawala mmoja alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka akamwonya mkewe: wakija wageni, wakaribishe, lakini usiwape kigoda changu wakalie. Wageni wakaja kweli, wanawake watatu. Wakapokewa vizuri. Wakaomba mahali pa kukaa, na yule mama akawapa kigoda. Mwenye nyumba aliporudi, utawala ulikuwa umekwisha kuhama. Hao ndio mama wa ukoo wa Watwa, waliotawala Ufipa tangu hapo, baadaye wakagawanyika katika nchi mbili, Nkansi na Lyangalile. Milanzi wakabaki na heshima yao ya mambo ya mila, na kilima chao.

Watu wengine husema hii ni hadithi ya uzembe wa mwanamke. Mimi siioni hivyo. Mama yule alifanya kile ambacho kila Mfipa hufundishwa kufanya: mgeni akaribishwe. Hadithi haimlaumu mgeni kuingia. Inasema kuna kitu kimoja tu ndani ya nyumba ambacho mgeni hapewi, nacho ni kile kiti cha mwenye kuamua.

Hadithi hii naiweka mapema kwa sababu nitaitumia kama mizani ya kupimia yote yanayofuata. Kila nitakapokutajia eneo huru, jiulize tu: mlango ulifunguliwa, sawa, na kigoda alikalia nani?

TULIKUWA NA NINI?

Wapo wanaodhani kabla ya wakoloni huku kulikuwa na watu wamekaa tu chini ya mti wakisubiri ustaarabu. La hasha. Ufipa ilikuwa nchi ya viwanda. Neno viwanda silitumii kwa kujisifu, natumia kwa maana yake.

Kwanza chuma. Mafundi wetu walijenga tanuru refu la udongo, ilungu, linalompita mtu kwa urefu mara moja na nusu au zaidi. Mkaa na mawe ya chuma vilipangwa ndani kwa zamu, na chini kulikuwa na matundu ya kuvutia hewa. Halikuhitaji mivukuto: lenyewe lilivuta upepo kama bomba la moshi. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, hivyo kikapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililovuviwa kwa mivukuto mpaka kikawa safi cha kufulia majembe, mashoka na mikuki. Kazi hii ilikuwa na dawa zake, nyimbo zake na miiko yake. Padre mmoja wa White Fathers, Wyckaert, aliyekaa huku, aliiandika kwa kirefu mwaka 1914. Mabaki ya malungu yale bado yamesimama porini sehemu mbalimbali za uwanda, mengine mchwa wamejijengea.

Pili nguo. Pamba ilitoka hasa bondeni, kwenye joto la Rukwa. Ilisokotwa kwa mkono, ikafumwa kwenye kitanda cha kufumia kilichotandazwa chini, na kazi ya kufuma ilikuwa ya wanaume. Nguo ile nzito iliitwa seketa. Joseph Thomson, Mwingereza aliyepita huku mwaka 1880, ni miongoni mwa wageni walioona jinsi Wafipa walivyokuwa wafumaji.

Tatu kilimo. Jembe la ilungu ndilo lililoinua matuta ya mviringo tunayoyaita intumba. Nyasi hufukiwa chini zioze, msimu unaofuata udongo umeshiba. Kwenye nchi isiyo na miti ya kuchoma ili kupata majivu, hiyo ni akili kubwa.

Biashara je? Ilikuwepo tele. Misafara ya pembe za ndovu ilipita kati ya ziwa na Unyanyembe, na Ufipa ilijulikana kwa chakula na amani yake. Mgeni alilipa, akala, akaendelea na safari. Kigoda kilikuwa bado ndani.

MERIKANI INAINGIA

Nguo iliyokuja kuiua seketa ilianza safari yake mbali sana. Miaka ya 1830 na 1840 meli za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar ile nguo ya pamba ambayo watu waliiita kwa jina la ilikotoka: merikani. Sultani Seyyid Said aliwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833, ushuru asilimia 5 tu, basi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikaikata biashara ile, nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi, lakini jina la merikani likabaki palepale.

Kwa muda mrefu umbali ulitulinda. Nguo iliyobebwa kichwani kutoka pwani mpaka Ufipa ilifika ikiwa ghali, kwa hiyo mfumaji wa Lyangalile aliweza kushindana. Tunapenda kulaani umbali wetu, lakini wakati ule umbali ulikuwa ukuta wa kiwanda chetu.

Ukuta ule ulibomolewa kwa mambo matatu yaliyokuja kwa pamoja. La kwanza, mkataba wa Berlin, uliosema nguo isitozwe ushuru wa kulinda cha mwenyeji. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliruhusu ushuru kidogo, usiozidi asilimia 10, lakini huo ulikuwa wa kuiendesha serikali ya kikoloni, haukuwekwa kwa ajili ya kumlinda mfumaji. La pili, usafiri: reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na meli zikatembea ziwani. La tatu ndilo lililomaliza kazi, nalo ni kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na mwaka huohuo wakajenga boma Kasanga, kwenye pwani yetu ya ziwa. Boma lile waliliita Bismarckburg. Hebu fikiri, jina la mwenyekiti wa mkutano uleule wa biashara huria likapigwa chapa kwenye mwamba wa kwetu!

Kodi ilidai fedha. Seketa hailipi kodi, ulezi haulipi kodi. Ili upate fedha ilibidi utoke. Wanaume wa Ufipa wakatoka. Wakati wa Waingereza walikwenda mashamba ya katani huko Tanga na Morogoro, wengine machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Babu zetu waliondoka ambao mikono yao ilijua kufuma na kuyeyusha chuma, wakarudi baada ya miaka wakiwa wamevaa nguo ya dukani na wamebeba jembe la dukani. Kufikia miaka ya 1930 matanuru yalikuwa yamezimika karibu yote.

Na hapo ona kejeli ya historia. Baada ya Vita vya Kwanza, mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliendeleza kanuni ya Berlin: katika eneo hili lazima mataifa yatendewe sawa. Mwingereza akashika Tanganyika akidhani atauza nguo za Manchester kwa raha zake. Miaka ya 1930 Mjapani akaja na nguo za bei ya chini, na kwa mkataba uleule Mwingereza hakuweza kumzuia kwa ushuru wa upendeleo. Manchester ikalalamika sana. Sijaona mahali popote ambapo mtu aliandika malalamiko ya mfumaji wa Ufipa. Yeye alikuwa keshafungiwa duka miaka mingi, kimya kimya.

Upande wa pili wa ziwa mambo yalikuwa mabaya zaidi. Leopold wa Ubelgiji alipewa Kongo kwa ahadi kwamba itakuwa huru kwa wafanyabiashara wote. Akatangaza kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya dola, na miaka ya mwanzo ya 1890 akadai kwamba mpira na pembe vyote ni vyake. Nchi ilikuwa inaitwa Dola Huru ya Kongo! Charles Stokes, mfanyabiashara wa Kiayalandi aliyeanza kama mmisionari na akaoa Unyamwezi, aliamini karatasi ya Berlin. Akavuka na msafara wake kutafuta pembe. Mwezi Januari 1895 ofisa wa Leopold alimnyonga, kwa madai kwamba anawauzia silaha maadui. Uingereza na Ujerumani zikapiga kelele, fidia ikalipwa. Waafrika waliokufa kwa ajili ya mpira hawakulipiwa fidia ya namna hiyo.

Kwa hiyo eneo huru la kwanza nimelipima kwa kigoda, na jibu ni rahisi. Wenyeji hatukukikalia hata dakika moja.

FARANGA MOJA KWA MWAKA

Usidhani uzio wa forodha ni kitu cha juzi. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitiliana saini mkataba: Wabelgiji wapewe sehemu ya bandari Dar es Salaam na nyingine Kigoma, kwa ajili ya mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi. Mizigo ipite Tanganyika bila kutozwa ushuru. Kodi ya pango ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Mkataba ni wa milele. Watu waliziita Belbase.

Kiufundi haikuwa mbaya. Shehena zilisafiri kwa reli, watu wakapata vibarua, Kigoma ikakua. Hata leo nchi jirani zinahitaji njia ya kwenda baharini, na sisi tunahitaji mizigo yao. Tatizo lilikuwa faranga ile moja na lile neno milele. Uhuru ulipofika, Nyerere alisema wazi kwamba Tanganyika haitafungwa moja kwa moja na mikataba ambayo mkoloni aliifunga kwa niaba yetu, na ule wa Belbase ukiwemo. Mizigo ya majirani ipite, karibuni sana, lakini tukae mezani upya. Hiyo ndiyo ninayoita kukomboa kigoda: mlango unabaki wazi, na mwenye nyumba anarudi kwenye kiti chake.

Zanzibar nayo ilikuwa na somo lake kabla. Mwezi Februari 1892, chini ya himaya ya Waingereza, ilitangazwa kuwa bandari huru, ili wafanyabiashara wasihamie bandari za Wajerumani ng'ambo ya pili. Mwaka 1899 ushuru ukarudishwa, kwa sababu hazina ilihitaji mapato. Yaani hata bandari iliyozoea biashara kwa karne nyingi iligundua kwamba msamaha wa kodi una anayeulipia.

BEI MOJA NCHI NZIMA

Sasa nikuletee jambo litakalowaudhi wote, wapenzi wa soko huria na wapenzi wa serikali.

Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam Rukwa ni nini, atakwambia mahindi. Lakini wazee wetu walikuwa watu wa ulezi. Mahindi yalikujaje kuwa jina letu? Yalikuja kupitia kinyume kabisa cha soko huria. Katikati ya miaka ya 1970, Shirika la Usagishaji la Taifa likawa mnunuzi wa nafaka kwa bei moja nchi nzima. Gunia la Sumbawanga na gunia la Morogoro, bei ileile. Mbolea nayo ilikuwa na ruzuku. Ghafla umbali wetu ukawa hauna gharama kwa mkulima, serikali ndiyo inayoubeba. Mkoa wa Rukwa, uliozaliwa mwaka 1974, ukajiunga na Ruvuma, Mbeya na Iringa kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi.

Raha ile ilikuwa na maudhi yake, na wazee hawajasahau. Malipo yalichelewa. Magunia yalilala nje yakinyeshewa. Kupeleka nafaka kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kulihitaji kibali, na kwenye vizuizi vya barabarani debe la unga lingeweza kukufanya uitwe mlanguzi. Shirika likazama kwenye madeni. Kuanzia 1984 kamba ikalegezwa, mwaka 1987 vizuizi vya kusafirisha nafaka ndani ya nchi vikaondolewa, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 mfanyabiashara binafsi akaruhusiwa kununua moja kwa moja kwa mkulima.

Uhuru ukaja, na umbali ukarudi. Reli ya kati ilikuwa imetupita kaskazini. Tawi lake la Mpanda lilijengwa kufuata madini ya risasi, likaishia huko. TAZARA ilipokamilika katikati ya miaka ya 1970 ikapita Mbeya na Tunduma. Sisi katikati, barabara ya vumbi kiangazi, tope masika. Mwenye lori akawa ndiye mfalme mpya wa Ufipa. Mjomba wangu ni mkulima, na tangu nikiwa mdogo hajawahi kuuliza mahindi yanauzwaje Dar. Huuliza lori limefika? Lisipofika anasubiri. Likifika, dalali anataja bei, na gunia lazima liwe lumbesa, lishonewe kilemba juu kama linakwenda harusini. Mjomba anauza gunia moja na kitu, analipwa gunia moja. Soko ni huria kabisa, hakuna askari aliyemshikia fimbo. Ila kigoda kina magurudumu na kimeegeshwa pale barabarani.

Na bado mlango wenyewe haujawahi kuwa na uhakika. Mwaka 2011 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje, kisha ikafungua. Mwaka 2017 ikazuia tena, na bei ya mikoa ya nyanda za juu ikaporomoka wakati Kongo wanakihitaji chakula ng'ambo ya maji. Sikatai, njaa ikibisha hodi serikali yoyote itaogopa. Lakini mkulima anayepanda Desemba bila kujua kama Juni mpaka utakuwa wazi, huyo anacheza bahati nasibu, hafanyi biashara.

UZIO WA SIKU HIZI

Baada ya safari hiyo yote tufike kwenye maeneo maalumu yenyewe. Tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna eneo huru pana, ambapo nchi kadhaa zinaondoleana ushuru. Na kuna eneo lenye uzio ndani ya nchi moja, ambapo kiwanda kinaingiza malighafi bila ushuru, kinasamehewa kodi kwa muda, na kinauza nje.

La uzio lilianza kwa sura ya kisasa Shannon, Ayalandi, mwaka 1959. Mauritius ikapitisha sheria yake mwaka 1970, China ikafungua Shenzhen mwaka 1980, Kenya ikapitisha sheria mwaka 1990, na Zanzibar ikafuata mwaka 1992 na maeneo kama Fumba na Micheweni. Tanzania Bara ilitunga sheria ya maeneo ya kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje mwaka 2002, na ya maeneo maalumu ya kiuchumi mwaka 2006. Mwekezaji alisamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10, na alitakiwa kuuza nje angalau asilimia 80 ya bidhaa zake. Eneo la Benjamin William Mkapa, pale Mabibo, Dar es Salaam, ndilo linalojulikana zaidi. Mwaka 2025 sheria mpya ikaunganisha Kituo cha Uwekezaji na mamlaka ya maeneo hayo kuwa chombo kimoja.

Mbona Mauritius walifanikiwa zaidi ya wengi? Moja ya sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mtaji ilitoka kwa wenyeji, watu waliopata fedha kwenye miwa wakaziingiza kwenye viwanda vya nguo. Mgeni alipohama, ujuzi na mashine havikuhama vyote. Shenzhen nayo ilikuwa jirani wa Hong Kong, na Wachina walihakikisha wanajifunza kazi mpaka wakaanza kutengeneza vya kwao.

Linganisha na Athi River, Kenya. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000, AGOA, iliruhusu nguo za Afrika kuingia kwao bila ushuru, na viwanda vikaja kwa kasi. Maelfu ya watu, wengi wao wasichana wa umri wangu, wakapata ajira. Si jambo dogo, kodi ya chumba ni kodi ya chumba. Lakini Januari 2003 wafanyakazi waligoma kwa wingi kwa ajili ya mishahara na masharti ya kazi. Na tarehe 1 Januari 2005, mfumo wa zamani wa kugawia nchi mafungu ya kuuza nguo ulipokufa duniani, China ikaachiwa mlango na baadhi ya viwanda vikafunga Kenya.

Na vitambaa vilitoka wapi? AGOA iliziruhusu nchi maskini kutumia vitambaa vya nchi nyingine. Kwa hiyo inawezekana kabisa kitambaa kikatoka Asia, kikashonwa Afrika Mashariki, kikavaliwa Chicago, wakati sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka nchini ikiwa haijasokotwa. Msomaji, karibu karne mbili zilizopita Marekani ilituletea nguo. Safari hii sisi tukaishonea Marekani suruali. Kilichobaki palepale ni kwamba kati ya pamba na nguo kuna kazi yenye faida, na kazi hiyo haifanyiki kwetu. Mfumaji wa seketa alikuwa anaifanya yote, tangu ua la pamba mpaka pindo.

MLANGO WA KASANGA

Leo Ufipa si ile ya vumbi. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa Changamoto za Milenia uliotiwa saini mwaka 2008. Mpaka wa Tunduma una kituo cha pamoja na Zambia tangu Oktoba 2019. Tuna mpaka mwingine Kasesya. Tuna bandari Kasanga, kwenye ghuba ileile ya Bismarckburg, na ng'ambo yake ni Mpulungu, Moba na Kalemie. Eneo Huru la Biashara la Afrika lilianza rasmi Januari 2021. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ukiiweka ramani ya Jumuiya juu ya ramani ya Berlin, utashtuka jinsi zinavyokaribiana. Tofauti ni moja, lakini ni kubwa: safari hii waliosaini ni sisi.

Basi tukiambiwa kesho kwamba uzio unajengwa Kasanga au Tunduma, mimi sitapinga, na sitapiga vigelegele kabla ya kuuliza. Nitauliza mahindi, alizeti na mpunga vya kwetu vitaingia humo kama malighafi, au uzio utaleta kila kitu kutoka nje na kutuachia ulinzi wa geti? Nitauliza kijana wa Laela atafundishwa kutengeneza mashine, au kuibonyeza tu? Nitauliza mfanyabiashara wa Sumbawanga anayeuza migebuka na dagaa ataweza kupanga humo banda, au vigezo vimeandikwa kwa ajili ya mwenye mamilioni ya dola pekee? Na msamaha wa miaka kumi ukiisha, nini kinamzuia mgeni kufunga mizigo yake usiku?

Haya si maswali ya wachumi peke yao. Ni maswali yetu sisi tunaojifunza kuandika. Nimetafuta riwaya ya Kiswahili ambayo mhusika wake mkuu ni mfumaji wa seketa anayesikia kwa mara ya kwanza bei ya merikani. Sijaipata. Nimetafuta hadithi ya fundi wa ilungu anayerudi kutoka katani na kukuta tanuru lake lina mchwa. Nayo sijaipata. Waliouza wana vitabu vyao vya hesabu, waliotawala wana mafaili yao. Walioshindwa bei hawakuacha karatasi. Mimi nimeanza sura ya kwanza ya ule wa seketa. Wewe mwenzangu uliyeko Kigoma, chukua makuli wa Belbase. Wewe wa Mabibo, chukua yule dada wa zamu ya usiku.

Mgeni akaribishwe, ndiyo desturi yetu, wala hatuiachi. Ila safari hii mwenye nyumba asiende kuwinda.